Kioo Kilichoibwa Juru

Mwizi alichukua kioo cha kompyuta, akaacha sanduku lake lenye mashine yenyewe. Inspekta Kezironi Rwakabuba aliizunguka meza mara mbili. Kwa miaka yake yote ya upelelezi Mbarara, hakuwahi kumwona mwizi wa namna hii.

"Mali iko kwa sanduku," alimwambia Laurent, fundi wa kituo cha kompyuta cha Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. "Kioo hii ni ya zamani. Nani anataka?"

"Sijue, afande. Walikuja jana, batu bote bako ku ibada."

Nyaya zilichomolewa taratibu. Kitambaa cha kuzuia vumbi kilikunjwa vizuri, kama nguo ya mtoto.

"Mtu ya mwisho kutumia kompyuta ni nani? Onyesha mimi."

"Haiwezekani. Niliitengeneza isahau. Ukifunga mtandao, inafuta fasi zote, kurasa zote ulipitia. Hapa batu mingi balikimbia batu, afande. Hatutaki mutu ajue mwenzake anaandikia nani."

Kezironi alikasirika, ingawa moyoni alimheshimu kijana huyo. Laurent alimweleza mengine. Kwa wasiojua kusoma aliweka picha za nyuso: unabonyeza sura yako, ukurasa wako unafunguka kwa herufi kubwa. Aliyehama au kufariki huondolewa na kila kitu chake mwisho wa mwezi, mtu asije akamchungulia.

"Leo ndiyo siku. Iko sura moja ya kuondoa. Niko na kioo ingine kule nyuma. Nifanye, ao ningoje?"

"Sanduku haina kesi. Endelea na kazi," Kezironi alijibu, bila hata kugeuka.

Vitu vinavyoibwa Nakivale mara nyingi huishia Kakoba, mjini Mbarara, kwa hiyo aliwaachia mafundi wa huko ujumbe. Kesho yake Hakim, mtengeneza runinga, akampigia simu.

Kezironi alipofika, mwanamke wa makamo alikuwa amekaa kwenye kigoda dukani, kioo mapajani, kimefungwa kwa kitenge.

"Jina?"

"Madeleine."

"Unatoka wapi?"

"Juru."

"Kioo ni yako?"

"Hapana. Niliiba."

Kezironi alizoea uongo. Kwa ukweli wa haraka hivyo, alimgeukia Hakim.

"Hataki kuuza, afande," Hakim alisema kwa sauti ya chini. "Anataka niwashe, mtoto wake atokee."

Madeleine alisema bila kulia.

"Mutoto wangu Vanessa alikufaka na malaria, siku tatu tu. Picha zetu zote ziliunguaka na nyumba, kule Uvira. Laurent alimupigaka foto, akaiweka mule. Kila siku naenda, naikala mbele yake, namuangalia. Halafu Laurent akasema ataondoa sura za bale balikufa. Nikasema mutoto wangu hataenda mara mbili."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Alisema ni sheria ya batu bote. Mimi nani, avunje sheria juu yangu?"

"Na sanduku? Kwa nini uliacha?"

Alimtazama Kezironi kwa mshangao. "Sanduku ya nini? Sura yake ilikuwa hapa." Akagusa kioo. "Twende Juru, afande. Mukirudishe fasi yake, nimuone mara moja. Kisha munifunge."

Kezironi alitoka nje, akampigia Laurent.

"Ile sura ya jana ilikuwa ya nani?"

"Ya Vanessa, mutoto wa Mama Madeleine."

"Inaweza kurudi?"

"Hapana, afande. Niliitengeneza isirudi."

Roho ilimuuma. Kesi ilikwisha: mwizi amekiri, kidhibiti kimepatikana. Angeweza kuandika taarifa yake na kumwachia fundi lawama.

Aliporudi ndani alivua kofia, akachuchumaa mbele ya kigoda. Madeleine alikuwa akikipangusa kioo kwa ncha ya kitenge.

"Mama," alisema, "usimlaumu Laurent. Yeye aliuliza kama angoje. Mimi ndiyo nilimwambia afute."