Bendera ya Marsh Wren

Bendera ilikuwa imetoweka, na Mzee Leonard Goodsall, mwenye miaka tisini na moja, alikuwa akilia gatini Ramsgate, pwani ya Uingereza, bila kujali nani anamwona.

"Mwizi hana haya!" alifoka. "Baba yangu alivuka bahari na boti hii akawatoa askari wetu Dunkirk kule Ufaransa, wakati wa vita vya Hitler, mabomu yakimwangukia. Kesho boti zote zilizokwenda zinavuka tena kwa kumbukumbu. Bila bendera ile, sitoki!"

Bendera hiyo hupandishwa na boti zilizokwenda tu. Inspekta Doreen Cutbush akapanda boti ya mzee, Marsh Wren. Darubini ilikuwepo. Chupa ya wiski nayo ilikuwepo, na mwizi gani wa Ramsgate anaacha wiski?

Kisha akatazama kamba. Haikukatwa. Ilifunguliwa, halafu ikafungwa kando, mbali na mlingoti, isigongegonge kwa upepo na kuwakosesha usingizi majirani waliolala kwenye boti zao. Mhuni wa mjini hana adabu hiyo. Aliyelelewa botini hufanya hivyo bila kufikiri.

Judith, binti wa mzee, alikuwa chumba cha chini akichemsha chai.

"Bendera iko wapi, Judith?"

"Niulizwe mimi?"

"Kamba umeifunga vizuri mno."

Judith akaketi. Akaitoa chini ya mto wa kiti.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nachimba habari za babu, nimpe baba zawadi. Nikakutana na Bwana Royle wa Grimsby. Jeshi la majini lilimshusha babu hapahapa, likaichukua boti. Aliyeiendesha ni mjomba wa mama yake Royle, kijana wa miaka kumi na tisa. Aliuawa kwenye usukani."

"Una hakika?"

"Wenzake waliwapelekea wazazi wake kifuniko cha dira ya boti, kiwe ukumbusho. Nimekijaribu kwenye dira yetu. Kinaingia sawasawa."

"Na babu yako alidanganya?"

"Hakusema kitu. Boti iliporudi watu walimpigia makofi, akanyamaza."

"Lakini boti ilikwenda. Bendera ni haki yake."

"Haki ya boti! Kesho baba atasimama chini yake amsifu babu, na Royle yuko hapa anasikia. Baba moyo wake mbovu, nimwambieje? Nikaona bila bendera hatutakwenda, yaishe."

Cutbush alikuwa na mwizi, ushahidi na ungamo, na hakujua la kufanya navyo. Ilimuuma. Akaichukua bendera, akapanda juu.

"Imepatikana, mzee. Ilikuwa imeanguka chini."

Asubuhi yake boti zikawasha injini. Mzee Leonard, mkono kwenye usukani, akamwona mgeni amesimama gatini.

"Na wewe bwana, una mtu wako aliyekwenda?"

"Mjomba wa mama yangu," Royle akajibu.

"Boti gani?"

Royle akamtazama Judith. Mkono wa Royle ulikuwa mfukoni, umekishika kifuniko cha dira. Inspekta akageuza uso.

"Sijui, mzee."

"Alirudi?"

"Hapana."

"Pole sana, bwana," mzee akasema kwa huruma. "Wangu alirudi."