Nilijiandika Kaka wa Mchumba Wangu

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja. Naishi na mama yangu mzazi Buzebazeba, hapa Kigoma-Ujiji, na nasomea shahada ya uzamili katika masuala ya uvuvi. Utafiti wangu ni wa dagaa. Kila asubuhi nakwenda mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, na rula, mizani ndogo na daftari, nikipima samaki mmoja mmoja na kuandika urefu, uzito, tarehe, na kama ziwa lilikuwa tulivu au limechafuka.

Naeleza haya ili mjue, wasomaji wenzangu, kwamba mimi si mtu wa kukurupuka. Ni mtu wa kuhakikisha jambo mara mbili, mara tatu... Na bado nilimwangamiza mwanamke niliyempenda kwa saini moja na picha moja!

Nitamwita Edina, ingawa si jina lake. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya wajawazito ya kituo kimoja cha afya Mwanga. Nilimvisha pete mbele ya wazee wa pande zote mbili, na harusi ilibaki kupangiwa siku tu. Kituo chake kilikuwa kimemwahidi kumpeleka kusomea shahada ya ukunga. Ndoto hiyo aliitaja kila siku, hata tukiwa tunakula.

Miaka miwili kabla hatujafahamiana, Edina alikuwa ameomba kushiriki kipindi cha runinga cha vijana wanaotafuta wachumba. Aliomba kwa mzaha, na wenzake wa kazini ndio waliompiga picha. Hakujibiwa, akasahau. Halafu siku moja wakampigia simu kumwambia amechaguliwa!

Nilitarajia acheke, amalize. Badala yake alizungusha pete kidoleni. Kisha akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Tangu nizaliwe nimevaa sare. Sare ya shule, sare ya chuo, sare ya kliniki. Nataka mara moja tu watu wanione mimi."

Ningemkataliaje? Nilijiona mwanamume msomi, aliyestaarabika, asiyeweza kumfungia mwenzake ndani. Tukakubaliana kwamba atakwenda, ataonekana, atatolewa katika vipindi vya mwanzo na atarudi. Kwani si mchezo tu?

Tatizo lilikuwa fomu. Ilitaka ndugu wa karibu athibitishe kwamba mshiriki hana mume wala mchumba. Baba yake alikwishafariki, na mama yake, mlokole wa Kasulu, aliapa kwamba jina lake halitaonekana katika mambo ya runinga. Edina alinitazama. Nikaichukua ile fomu. Penye uhusiano na mshiriki, kwa mwandiko wangu uleule ninaoandikia vipimo vya dagaa, nikaandika: kaka. Nikatia saini.

Ilikuwa taarifa ya kwanza ya uongo kuiandika maishani mwangu.

Hakutolewa mwanzoni, wasomaji wenzangu. Watu walimpenda. Kipindi kilirekodiwa Dar es Salaam kwa awamu, wiki mbili huko, wiki mbili washiriki wakirudi makazini mwao, hivyo Edina akawa na maisha mawili. Akirudi Mwanga alikuta foleni ya kliniki imefika nje, na nusu yao si wajawazito. Mama mmoja alikataa kupimwa presha hadi apigwe picha naye. Wenzake walimshikia zamu alipokuwa safarini, na akirudi alizilipa zote, akishinda amesimama hadi miguu ikavimba. Muuguzi mkuu alimwonya waziwazi: "Edina, mama akisikia uchungu anataka mkunga, hataki nyota. Uwe mmoja."

Nami? Ningesema nilimhurumia, lakini hii ni barua ya ukweli. Nilimwonea wivu. Wivu wa kwanza haukuwa hata wa mapenzi! Mimi niliyesoma miaka yote hiyo, tasnifu yangu ilikuwa imerudishwa mara ya pili ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, na hakuna aliyelijua jina langu. Yeye kwa kucheka tu mbele ya kamera alikuwa akisimamishwa barabarani.

Wivu wa pili ulikuja na Kelvin. Huyu alikuwa mhandisi wa minara ya simu kutoka Morogoro, mrefu, mpole, na mtazamaji yeyote aliona kwamba amemchagua Edina. Nilianza kukitazama kipindi nikiwa na daftari. Naona aibu kulisema, lakini nilichora jedwali: ni mara ngapi Edina amemtabasamia, kwa sekunde ngapi, nani ameanza. Sikujiuliza kama tabasamu lile lilirekodiwa siku hiyohiyo au mafundi walilibandika hapo baadaye. Ningekuwa napima dagaa, ningejiuliza swali hilo kwanza!

Pale mwaloni wanawake wanaoanika dagaa hawakunipa nafasi ya kupumua. Walijua fika kwamba Edina ni wangu, na waliilinda siri yetu kwa uaminifu mkubwa, ila walinitoza ushuru wa maneno.

"Msomi, jana tumemwona shemeji yetu mpya!" mmoja aliniambia, wenzake wakipiga makofi kwa kicheko. "Mrefu kama mnara wake. Wewe endelea kupima dagaa, mwenzio anapima mke!"

Nilicheka nao. Nilipofungua daftari niligundua kwamba nimeandika uzito wa samaki mahali pa urefu.

Kisha ikaja simu kutoka kwa watu wa kipindi. Kipindi kilikuwa kimefika hatua ya wachumba kupelekwa kwa familia kuombewa baraka. Mama mzazi hataki kamera... basi wataonana na kaka. Kaka ni nani? Kaka ni mimi! Walikuwa na fomu yenye saini yangu.

Edina alilia kwenye simu. Aliniuliza kama tuseme ukweli yaishe. Mimi ndiye niliyemwambia hapana. Kwa nini? Hata leo najiuliza. Nadhani nilitaka kumwona yule mtu kwa macho yangu. Nilitaka kumpima.

Wakaja asubuhi moja, watu sita na vyombo vyao, wakaijaza taa sebule yetu. Mama nilikuwa nimemweleza juujuu tu, kwamba ni maigizo na aitikie salamu basi. Kelvin akaingia akiwa na kitenge cha zawadi mikononi. Akainama mbele ya mama, akapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, vile tunavyowasalimu wakubwa sisi Waha. Akasema, kwa lafudhi iliyovunjikavunjika: "Mwakeye, mama. Mwakeye."

Mama yangu akaangua kicheko cha furaha! Akamshika mikono. Akamwitikia kwa Kiha kirefu ambacho yule maskini hakuelewa hata neno.

Wasomaji wenzangu, mngemwona anambusu Edina msingeumia nilivyoumia mimi kwa yale makofi. Salamu ile haifundishwi kwa dakika moja. Ni lazima mtu akae na mwenzake, amshike viganja, amrekebishe, wacheke, warudie... Walikaa wapi? Mara ngapi? Viganja vilishikwaje?

Mwongozaji akaniuliza mbele ya kamera kama mimi, kaka wa familia, nambariki kijana huyu. Edina alitazama sakafu. Nikasema nambariki. Wakanirudisha niseme tena, kwa tabasamu. Nikasema tena, kwa tabasamu!

Kamera zilipozimwa Kelvin hakumsogelea Edina hata hatua moja. Alifungua kompyuta yake barazani akaanza kujibu barua za kazini. Akaniambia, bila hata kuinua macho: "Kaka, mwezi ujao hakuna mtazamaji atakayenikumbuka. Bosi wangu atanikumbuka." Kisha akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu. Nilidhani ananidharau.

Walipoondoka mama alifunga mlango akaniegemea begani. "Yoo, mwana wanje," aliniambia. "Umekaa kwenye kiti, umempa mtu mke wako, na umecheka. Mpigie huyo binti sasa hivi umuulize moyo wake uko wapi."

Sikumpigia. Mimi nilikuwa na jedwali, ya nini kuuliza? Kwa siku nne nilichambua yale makofi, nikayaunganisha na sekunde za tabasamu, na kila nilipochambua nilipata jibu lilelile nililokuwa nimeingia nalo. Edina alipopiga mwenyewe, mara tatu, sikupokea. Alituma ujumbe: "Naomba unisikilize kabla ya Jumamosi. Nina jambo la kukuambia." Mimi nilijua jambo lenyewe! Ni nini kingine zaidi ya kuniaga?

Alhamisi adhuhuri, nikiwa mwaloni, mikono ikinuka samaki, nilichukua picha ya siku ya pete, mimi na yeye katikati ya wazee wetu, nikaituma kwa ukurasa mmoja wa udaku bila kutaja jina langu. Nikaongeza sentensi moja: huyu siyo kaka, ni mchumba.

Sentensi ilikuwa sahihi. Mkato na nukta viliwekwa mahali pake.

Kabla ya jua kuzama nchi nzima ilikuwa ikimtukana Edina. Mwongo! Tapeli wa mapenzi! Kipindi kikamfukuza hadharani, kikaonesha fomu mbele ya watazamaji. Watu wakafika hadi kliniki, si kupiga picha safari hii, bali kumzomea. Kituo kikasema hakiwezi kubaki na muuguzi ambaye wajawazito wanamcheka, kikafuta ahadi ya masomo, na mkataba wake ulipofika mwisho hakikuuandika upya. Wale wenzake waliomshikia zamu walimfungia vitu vyake kwenye boksi wakilia.

Na mimi? Mimi nilionewa huruma! Wanawake wa mwaloni waliacha utani, wakasema nililazimishwa kutia saini, wakaniita mvumilivu.

Aliyenifungua macho ni Kelvin. Alinipigia Jumapili ya wiki ileile, mchana. Hakunitukana. Aliniambia kwamba siku ile sebuleni aliona jinsi nilivyomtazama Edina, akajua mimi si kaka. Walipofika uwanja wa ndege alimuuliza Edina, naye akakiri kila kitu, akamwambia kwamba amechoka, kwamba anataka kurudi kliniki na kuolewa. Wakapanga kimya kimya: katika rekodi ya Jumamosi, Kelvin ndiye angetamka kwamba hawaendani. Edina angeondoka kwa heshima na kuipokea Jumatatu zamu yake. Ndilo jambo alilotaka kuniambia.

"Ilibaki siku mbili, kaka," alisema. Aliniita kaka hata hapo!

Nilimtafuta Edina Kasulu kwa mama yake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilikiri kwamba picha niliituma mimi, akasema alijua, kwa kuwa nakala ile tulikuwa nayo sisi wawili tu. Nilimuuliza kuhusu salamu, kwa kuwa akili yangu mbovu ilikuwa bado inang'ang'ania makofi yale. Akanijibu taratibu: "Nilimfundisha kwa sababu alikuwa anaingia kwa mama yako. Sikutaka mgeni aingie kwa mama mkwe wangu bila adabu."

Akavua pete. Hakuitupa. Aliiweka kwenye kiganja changu, akakikunja yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita utafiti ulinipeleka Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, kupima samaki wanaoshushwa kule. Nilijua kwamba Edina amepata kazi katika zahanati ya upande huo, na nisiseme uongo tena, ndiyo sababu nilikichagua kijiji hicho. Boti ilipokaribia nilimwona ufukweni, sketi imeloa hadi magotini, akimsaidia mjamzito kushuka kutoka mtumbwi mwingine. Hakuna aliyempiga picha. Yule mama alikuwa amemshika bega kama mtu anayeshika nguzo ya nyumba yake.

Tulisalimiana. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuja na mgonjwa, akanikagua juu hadi chini, akauliza kwa udadisi wa kawaida wa watu wa kwetu: "Sista, huyu kijana mzuri ni nani wako?"

Edina alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ni kaka yangu," alisema. "Anatoka Ujiji."

Bibi yule akafurahi, akanipigia makofi ya salamu. Nami nikainama, nikapiga makofi, nikaitikia.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ukiletewa karatasi inayokutaka umkane mwenzako hata kwa mchezo, irudishe bila saini. Na wivu ukikukamata, usichore jedwali, usiwape watu wa udaku kazi ya kuuliza kwa niaba yako. Simu ikilia, ipokee! Mimi nilipigiwa mara tatu. Jibu lilikuwa upande wa pili, nami nilikuwa nimeshika rula.