Mkono wa Kushoto wa Candida

Unajifanya huoni, siyo? Unapita dirishani pa darasa, unasikia watoto wanaimba "mtoto analia, watoto wanalia," unajisemea, shule inaenda vizuri. Unapita zako!

Leo husogei. Kaa hapa usikie ya Candida.

"Wewe! Wa mkono wa kushoto. Simama!"

Mkaguzi wa shule kamnyooshea kidole. Candida akasimama.

Ilikuwa miaka ile ya Elimu ya Msingi kwa Wote, shule ya serikali nyuma ya soko la Kariakoo, watoto wamebanana sakafuni kama dagaa. Mwalimu Zahoro alishawafunza: mkaguzi akija na maswali, nyote nyoosheni mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitaita wa kulia tu.

Lakini siku hiyo mkaguzi akachagua mwenyewe!

"Tunga sentensi, binti. Yoyote."

"Mtoto analia..."

"Hiyo iko ubaoni. Nataka ya kwako."

"Watoto wanalia..."

Ya kwake? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sentensi ni kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho.

Akamtazama mwalimu wake amwokoe. Alimpenda mno, kila asubuhi yeye Candida ndiye aliyembebea mwalimu chaki.

Zahoro akacheka. "Mheshimiwa, msamehe huyo. Akili zake si nzima."

Loh!

Mama yake, Benedikta, muuza mihogo, alipozipata habari aliacha karai motoni. Akamburuta Candida hadi shuleni, vidole bado vina pilipili.

"Mwanangu kichaa, eti?"

"Shikamoo, mama..."

"Shikamoo yako kaa nayo! Nilikuletea mtoto mzima, umenirudishia kasuku. Mimi kusoma sijui, lakini kusikia najua. Haya, tunga wewe!"

Zahoro, kijana mwenyewe juzi tu katoka darasa la saba, kapewa darasa afundishe. Akashika chaki. Akaandika, akasoma kwa sauti ndogo.

"Mtoto... analia."

"Hiyo ya ubaoni, mwalimu," Candida akasema, taratibu, bila kejeli.

Chaki ikadondoka.

"Mama... na mimi nilikuwa wa mkono wa kushoto. Mpaka namaliza."

Benedikta alikuja na matusi ya kutosha mtaa mzima. Yakamkauka mdomoni. Akakaa sakafuni, akalia.

Candida hakurudi shule; arudi afundishwe na nani? Akawa anamenya mihogo kwa mama.

"We binti, mihogo ya wapi hii, mitamu hivi?" mteja akiuliza, kisu kinabaki mkono wa kulia, na ule wa kushoto unapanda wenyewe, juu, mbele za watu...

Mama anageuka, anafuta macho, anasingizia moshi.

Na kule darasani? Wanaimba!

Pole yako siitaki. Inuka. Mwite mwanao sasa hivi, mwambie atunge sentensi moja, ya kwake mwenyewe. Akishindwa, usimchape. Mshike huo mkono wa kushoto, nendeni kwa mwalimu mkuu leo hii, mkae mlangoni, wala msiondoke mpaka mtu aanze kumfundisha!