Ndoa ya Fleti Namba Saba

Soko la Deptford siku ya Jumamosi halipitiki. Corinne Stubbs alikuwa ameinama mbele ya meza yake akipanga samaki, buti za njano miguuni, aproni nyeupe, rangi ya mdomo nyekundu iliyokolea, mara akahisi mkono wa mtu ukimpapasa kiunoni. Hakuuliza. Alinyakua samaki mmoja aliyeganda kwa barafu, akageuka na kupiga kwa nguvu zake zote. Mpapasaji aliwahi kuinama. Pigo likamkuta mwanamume aliyekuwa nyuma yake, fundi wa lifti mwenye ovaroli ya bluu, akaenda chini huku damu ikimchuruzika puani.

"Samahani, kaka. Haikuwa yako."

"Ya nani basi? Maana nimeipokea yote."

"Mwenyewe kakimbia."

"Basi nifungie huyo samaki. Nikamle, angalau nilipe kisasi."

Corinne alicheka, akamfuta damu kwa pindo la aproni yake. Fundi alijitambulisha, Dermot Hanley, akasema pua yake ilikuwa nzuri mpaka asubuhi ile. Miezi mitatu baadaye Corinne alihamia kwake, fleti namba saba, ghorofa ya tatu, Lewisham. Walipendana kwa fujo. Wakigombana vikombe viliruka, wakipatana jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio.

Fleti ile Dermot aliinunua, lakini kwetu huku anayenunua fleti ananunua miaka tu. Ardhi ni ya mtu mwingine, na miaka ikiisha nyumba inamrudia yeye. Ya Dermot ilibaki themanini na siku chache. Ikishuka chini ya themanini, bei ya kuongeza mingine inapanda ghafla, na fundi wa lifti haiwezi. Angebaki na nyumba inayomfia mikononi, isiyouzika. Ilani ya kuomba nyongeza ilitakiwa imfikie mwenye ardhi, Bwana Pinfold, kabla ya Ijumaa kuisha. Pinfold alilijua hilo vizuri. Barua zote za wakili alizirudisha, na tundu la barua mlangoni kwake alilipigilia ubao.

Jumatano Corinne alirudi mapema, amevaa gauni la kijani alilolinunua siku hiyohiyo. Alimkuta Dermot jikoni, mgongo kwa mlango, simu sikioni.

"Ndoa? Hiyo ndiyo ninayoikimbia," Dermot alikuwa akisema. "Ijumaa ikipita ndoa itaniangukia, nami nimekwisha. Fanya uwezalo, nitoke humu salama."

Corinne hakungoja asikie zaidi. Kikaango cha chuma kilikuwa jikoni, akakishika kwa mikono miwili.

Dermot alianguka juu ya kiti, kiti kikavunjika. Corinne alivunja sahani zote za kabatini, moja baada ya nyingine. Akaziona karatasi mezani zenye sahihi ya Dermot, akazipasua, akazisokomeza mkobani na kuondoka. Alikuwa analia, na alimchukia Dermot kwa kumliza.

Kaka yake, Vince, alipoliona lile gauni lina damu, alidhani ni ya dada yake, naye hakuuliza. Ni ukoo wao. Alhamisi asubuhi aliuvunja mlango wa namba saba kwa bega, akamburuta Dermot mpaka kwenye ngazi. Alimvunja mbavu mbili, kisha akaukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino cha buti.

Ijumaa, Corinne alitoa mkobani karatasi alizopasua ili azitupe. Jicho likanasa neno ndoa. Alikaa juu ya kreti la barafu, akaunganisha vipande vya ilani na vya barua ya wakili iliyoambatana nayo, akasoma: miaka ikishuka chini ya themanini, mwenye ardhi hulipwa pia nusu ya thamani ya ndoa, kwa kuwa sheria inahesabu kwamba fleti na ardhi zimeoana. Akapiga simu.

"Dermot, ulikuwa unakimbia ndoa gani?"

"Ya fleti."

"Fleti inaolewa?"

"Kisheria, ndiyo. Inaolewa na ardhi, mahari natoa mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipiga kikaango, mpenzi. Nilikuwa nimelala."

Corinne alifumba macho. "Mwisho lini?"

"Leo. Na mimi hata soksi siwezi kuvaa."

"Mwambie wakili atoe ilani nyingine. Utatia sahihi kwa kushoto."

Saa tisa alasiri alikuwa Blackheath, mlangoni kwa Pinfold, bado na aproni na buti za njano.

"Nani?"

"Samaki, mzee. Wa kuagiza."

Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo. Corinne akapenyeza mkono wa kushoto wenye bahasha. Pinfold alipoiona, aliusukuma mlango kwa mwili mzima, ukaubana mkono.

"Toa mkono wako."

"Pokea barua yako."

Pinfold alifungua kidogo, akaubamiza tena. Mfupa ulilia. Corinne alipiga kelele, lakini vidole havikuachia. Mara ya tatu damu ilitiririka kwenye rangi nyeupe ya mlango. Ndipo Corinne aliporudi nyuma nusu hatua, akaingia kwa bega kama ukoo wake ulivyozoea. Mnyororo ukang'oka, mlango ukampasua Pinfold usoni. Akalala chali kwenye zulia lake. Corinne alimwekea bahasha kifuani, akampiga picha kwa mkono mzima.

"Umepokea, Bwana Pinfold. Leo Ijumaa, saa tisa na nusu."

Kesho yake mchana Dermot aliingia wodini alikolazwa Corinne, akijikokota, kichwa na mkono vimefungwa bendeji. Vince alikuwa amesimama kando ya kitanda na mfuko wa zabibu, hajui auweke wapi.

"Weka zabibu," Dermot alimwambia, "kisha toka." Vince akatii.

"Fleti?" Corinne aliuliza.

"Imepona. Wakili anasema picha inatosha. Mkono wako?"

"Kimoja wamekikata. Cha pete."

Dermot aliitazama bendeji ya mkono wa Corinne.

"Kuna jambo nilitaka kukuuliza. Sasa naona haya."

"Uliza tu."

"Siwezi, Corinne. Kidole chenyewe umekipoteza kwa ajili yangu."

"Nimebakiwa na tisa," Corinne alisema. "Chagua."

Alichagua kimoja cha mkono wa kulia, akakibusu, na akalia mpaka mbavu zikamuuma.