Picha ya Barabara Yenye Mabomu

Avit na mama yake, Verdiana, walikuwa wakimenya ndizi nyumbani kwao Kagondo, Bukoba. Picha iliingia kwenye simu ya Avit. Ilionyesha barabara bondeni. Hapakuwa na mtu wala mti. Mabomu ya duara yalikuwa yametapakaa kote. Chini paliandikwa: "Mpakani leo asubuhi. Kimbieni!"

Kisu kilimponyoka Verdiana. Mwaka 1978 alikimbia vita kutoka Kyaka, karibu na mpaka, na mtoto wake wa kwanza alifia njiani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Waitu, mwanangu Avit, mwambie dada yako akimbie mapema, ana mtoto mchanga!"

Avit hakuuliza lolote. Alimtumia Klaudia picha ile. Klaudia aliishi Kagoma, wilayani Muleba. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mshono haukuwa umepona.

Kisha Avit alichukua panga. Akaanza kukata mikungu michanga kibanjani. Ndizi zenyewe hazijajaa hata kidogo! Lakini hofu haina akili.

"Wanajeshi hawatakula ebitoke vyangu, hizi ndizi zangu," alisema.

Jirani yao, Mwalimu Gaudiosa, alikuja mbio. Yeye hufundisha historia.

"Avit, una wazimu? Mbona unakata ndizi changa?"

Avit alimpa simu. Gaudiosa aliitazama picha.

"Hii naifahamu. Ni ya vita vya Krimea, mbali sana na hapa. Ilipigwa mwaka 1855."

"Mbona hakuna watu?" Verdiana aliuliza. "Wamekufa wote?"

"Hapana, mama. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na za polepole. Mtu akikimbia, hakuonekana vizuri. Kwa hiyo mpiga picha alipiga mahali palipotulia. Na haya si mabomu, ni matufe ya chuma ya mizinga ya zamani. Tena iko picha nyingine ya hapohapo, na barabarani hakuna tufe. Wengine husema matufe yalipangwa pale makusudi."

"Kumbe hata picha ya kweli hudanganya?" Avit aliuliza.

"Ndiyo. Uliza kwanza: nani aliipiga, wapi, lini? Kisha muulize mwenyekiti wa mtaa. Sikiliza redio."

Walimpigia mwenyekiti. Hakukuwa na vita popote.

"Na Klaudia?" Verdiana aliuliza.

Avit alimpigia. Simu haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Verdiana alianza kusali kwa sauti. Sasa hawakuogopa vita. Waliogopa picha waliyoituma wenyewe.

Hatimaye Klaudia alipokea. Pikipiki ilikuwa ikinguruma.

"Kaka! Tunakimbilia Biharamulo. Mshono unatoka damu. Vita vimefika wapi?"

"Hakuna vita, dada. Nilituma bila kuuliza. Nisamehe. Nenda hospitali sasa hivi!"

Klaudia alifika hospitali, akashonwa upya. Mtoto alikuwa salama.

Mwezi uliofuata, picha nyingine iliingia. Nyumba zilikuwa zinaungua. Avit alimpigia mwenyekiti kwanza. Baada ya kuuliza, aligundua ni picha ya zamani, ya nchi nyingine.

"Umemtumia dada yako?" Verdiana aliuliza kwa woga.

"Hapana, mama. Imeishia kwangu."

Kule Kagoma, Klaudia alikuwa akinyonyesha. Hakujua kama kuna picha yoyote.