Mapazia ya Kuazima

Kila asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, Mama Pindo alimsukuma mama mkwe wake katika kiti cha magurudumu mpaka nyumba ya wazee. Mama Pindo ni jina la utani. Fundi huyu akiona pindo limeachia hawezi kunyamaza, hata kama mvaaji hamjui.

"Taratibu!" alilalamika mama mkwe walipofika kwenye mtaro. "Mimi si gunia la mkaa."

"Gunia halina kelele, mama."

"Ungeolewa kwa akina gunia, basi."

Nyumba hiyo ilianzishwa na majirani kwa michango yao. Wazee wasiojiweza waliogeshwa na kulishwa hapo mchana, watoto wao wakiwa kazini. Bila nyumba hiyo, Mama Pindo angelazimika kukaa nyumbani kumwangalia mama mkwe, na cherehani ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Tatizo lilikuwa maji. Bati lilivuja. Mtaro wa barabarani uliziba, na mvua ikinyesha maji yalifika mpaka miguuni mwa vitanda. Muuguzi mstaafu aliyeisimamia nyumba alisema wazi: "Mvua kubwa zikitukuta hivi, nafunga. Siwezi kuwalaza wazee kwenye maji ya mtaro."

Majirani wakaomba msaada baraza la mji, kwenye fungu la fedha za hisani. Wakajibiwa kwamba afisa atakuja kukagua.

Mtaa mzima ukashika mafagio. Nani ampokee mgeni na uchafu? Vijana walizibua mtaro pale mbele ya mlango, wakaufunika kwa mbao. Jirani mmoja alileta zulia, mwingine makochi. Mama Pindo akatundika mapazia mapya ya mteja ambaye hajaja kuyachukua. Ndoo za kukingia maji zikasukumwa uvunguni.

Afisa, kijana mpole, akaketishwa kwenye kochi na kupewa chai.

"Mmejitahidi sana," alisema. "Sasa, shida ni nini hapa?"

Watu wakatazamana. Mgeni hata chai hajamaliza, nani aanze kumlilia?

"Vijishida tu, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Lakini hatujambo."

Jibu likaja: ombi limewekwa kando, kwa kuwa nyumba iko katika hali nzuri.

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Mmemwonyesha mgeni harusi, halafu mnataka awape rambirambi!"

Mama Pindo hakucheka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Akafunga cherehani, akaenda ofisini kwa afisa, uso ameukunja.

"Mwanangu, umetumaliza."

"Mimi, mama? Niliandika nilichokiona."

"Uliona mapazia ya watu!" Akamweleza yote.

Afisa akashika kichwa. "Kumbe ndoo zilikuwa uvunguni! Mama, nilikuja kukagua, sikuja kutembelea. Mngeacha kila kitu kama kilivyo."

"Nikupokee kwenye matope?"

"Kwenye matope. Ndiyo kazi yangu." Akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Sasa sikiliza. Mna mambo mawili, msiyachanganye. Mtaro ni wa mji. Kuuzibua ni wajibu wetu, wala si hisani. Mna haki ya kudai. Bati ni lenu, na hilo ndilo mnaloombea msaada. Kikao cha baraza kiko wazi kwa wakazi. Nenda kwa katibu mapema, omba nafasi ya kusema. Utapewa dakika chache. Sema shida ni nini, iko wapi, inamuumiza nani, na mnataka nini. Onyesheni pia mlichochanga wenyewe na kilivyotumika. Na msiende mmoja mmoja. Nendeni wengi."

Siku ya kikao, majirani walijaza mabenchi ya nyuma. Mama Pindo alisimama, akaanza kushukuru. Akamshukuru mwenyekiti, akawashukuru madiwani, akawashukuru mpaka waliopanga viti.

"Mama, muda," alisema mwenyekiti.

Akaziacha shukrani. Akaeleza habari ya mtaro, kisha ya bati, bila kuzunguka.

Diwani mmoja akapekua taarifa ya afisa. "Lakini hapa pameandikwa nyumba ina makochi na mapazia."

"Mapazia ni ya mteja wangu, mheshimiwa. Ameshayachukua, na mpaka leo amenuna."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Pindo akangoja kipite. "Njooni tena," alisema. "Siku yoyote. Ila msituambie mnakuja."

Walikuja siku ya manyunyu, afisa pamoja na mhandisi wa mji. Mama Pindo alipowaona tu, mkono ulikwenda wenyewe nyuma ya mlango kutafuta ufagio. Haupo. Mama mkwe alikuwa ameukalia.

"Waache waingie," alisema bibi huyo, macho makavu.

Mhandisi akazama kwenye tope mpaka kifundo cha mguu. Ndani, tone likamwangukia afisa shingoni. Mama Pindo akajiuma ulimi asije akaomba radhi.

Kabla ya mvua kubwa, mafundi wa mji waliuchimba mtaro na kuujenga upya. Fedha za hisani zilipatikana, ingawa hazikutosha bati lote. Majirani wakamalizia. Mvua zilipofika, ndoo zilikaa kavu, wazee wakalala, na cherehani ya Mama Pindo haikunyamaza hata siku moja.

Kisha afisa akatuma habari kwamba anakuja kuiona kazi iliyokamilika. Mama mkwe akauchomoa ufagio kutoka chini yake, akamkabidhi mkwewe.

"Haya," alisema. "Leo fagia."