Mwalimu wa Usingizini

Tahira alidhani mumewe amelala bila kuoga. Mto ulikuwa na udongo, shuka lilikuwa na udongo, na ndani ya sikio la Mudassar mlikuwa na donge jeusi, bado bichi. Lakini maji ya kuoga alimmwagia yeye mwenyewe pale bombani baada ya chakula cha mchana, na shuka lilikuwa limetoka kuanikwa asubuhi ile ile.

Tena haukuwa udongo wa akhara, ule uwanja wa mieleka. Tahira alikuwa ameolewa na mpiga mieleka muda wa kutosha kuijua harufu ya uwanja wao: manjano, mafuta ya haradali, jasho la wanaume. Huu ulinuka kama chumba kilichofungwa tangu mwenyewe afe.

"Umetoka wapi?" alimuuliza alipoamka.

"Nitoke wapi na mimi nimelala?" Mudassar akajinyoosha, akacheka. "Haya, sema nimetoka kazini."

Mji mzima wa Gujranwala ulijua kwamba majira ya baridi yaliyopita Mudassar aliangushwa chali, mabega yote mawili chini, na kijana wa Lahore ambaye hata masharubu yalikuwa hayajamkolea. Watoto walimwimbia njiani. Tangu hapo akazidisha mazoezi. Alfajiri alipiga pushapu na kuchuchumaa na kuinuka mpaka udongo chini yake ukageuka matope kwa jasho. Asubuhi aliulima uwanja kwa jembe zito. Jioni ilikuwa zamu ya kamba na marungu ya mbao. Mchana alikunywa maziwa ya nyati wao wa kufugwa, yaliyopondewa lozi, akaanguka kitandani kama gunia.

"Mwanangu, hata punda hupumzishwa," alimwambia Ustadh Barkat, aliyemfundisha mieleka tangu utotoni. "Unataka kumpiga yule wa Lahore au unataka kujizika?"

"Punda anapumzika kwa sababu hana aibu, Ustadh."

Siku ile ya udongo, Tahira alimkalia kooni mpaka akasema.

"Usiniite mwendawazimu," Mudassar alianza kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Nikichoka kweli kweli, mpaka miguu inatetemeka, mwili unalala lakini akili inabaki macho. Najua kabisa kwamba naota. Najiambia, Mudassar, hii ni ndoto, nenda utakako. Basi naenda akhara. Huko sichoki wala siumii. Na kuna mtu ananifundisha."

"Mtu gani?"

"Sijamwona uso. Kila mara yuko nyuma yangu. Lakini mikono yake, Tahira! Hajazaliwa wa kujichomoa humo."

"Na Ijumaa, siku ambayo hufanyi mazoezi?"

Mudassar akafikiri. "Ijumaa nalala tu kama watu wengine. Hata njia ya kwenda siioni."

Mchana uliofuata Tahira aliketi kando ya kitanda na upepeo wake. Joto lilikuwa limewafungia watu wote ndani. Mudassar alikuwa akikoroma. Kisha koromo likakoma, pumzi zikawa nzito na za mpangilio, kama za mtu anayefanya mazoezi. Tahira akazisikiliza, akajifariji kwamba ni uchovu tu, mpaka alipotambua kwamba mumewe alikuwa akivuta pumzi na pumzi nyingine ikitoka wakati huo huo, kutoka mahali pale pale, nzito kuliko yake na ya baridi, ikimpuliza yeye Tahira mkononi pamoja na harufu ile ya chumba cha marehemu. Halafu Mudassar akasema waziwazi, macho yamefumba:

"Ndiyo. Najua kwamba ni ndoto. Ndiyo, nimekubali kwa hiari yangu."

Tahira hakungoja kuvaa viatu sawasawa. Alijitanda shuka lake kubwa, akaenda kwa Shahji, mzee aliyesomea watu dua nyuma ya soko la vyombo. Shahji alimsikiliza mpaka mwisho, na rangi ya uso ikambadilika.

"Binti yangu, usingizini sote tunapita mlangoni kwa hawa majini. Lakini hatujui tulipo, na asiyejua hawezi kufunga ahadi. Mumeo anakwenda akijua. Ule uchovu ndio unaomfungulia."

"Mtoe basi, Shahji! Nakuomba."

"Nitamfukuzaje mgeni ambaye mwenyeji ndiye anayemfuata kwake?" Mzee akasomea chupa ya maji, akampa. "Mmwagie haya. Kisha akome mazoezi. Mwili usiochoka hautaiona njia."

Tangu uchochoroni Tahira alisikia kitanda kikipiga sakafu. Aliingia akamkuta Mudassar amejikunja kama upinde, mishipa ya shingo imesimama, visigino vinachimba godoro, bega moja limeinuka na kukataa kushuka, na juu ya kifua chake ngozi ilikuwa imebonyea kwa alama za vidole ambavyo havikuwapo, virefu kupita vya binadamu, vikimkandamiza polepole, polepole, huku yeye akiguna kama ng'ombe anayechinjwa, na Tahira akihangaika na kizibo cha chupa na kulitaja jina la Mungu kwa ulimi uliokauka, mpaka lile bega lililobaki likashuka, likagusa godoro, na chumba kizima kikanyamaza.

Maji yakamwagika usoni mwake. Mudassar akafumbua macho.

"Imekwisha," akasema kwa upole. "Usiogope, mke wangu. Sitafanya mazoezi tena."

Na kweli hakufanya. Aliamka jua likiwa juu, akakaa kivulini na kula lozi. Ustadh Barkat alikuja kumchokoza.

"Yule mtoto wa Lahore anatangaza kwamba umemkimbia! Anasema umekuwa bibi harusi!"

"Mwache aseme," Mudassar akajibu, akitabasamu.

Ustadh alimtazama kwa muda mrefu. Alitoka akijipangusa macho kwa ncha ya kilemba. Shahji naye alipopewa habari alimshukuru Mungu. "Asirudie mazoezi," alisisitiza, "hata kidogo."

Nyumba ikatulia. Nyati tu ndiye hakutulia. Kila Mudassar alipomkaribia, alirusha mateke na kuvuta kamba hadi pua ikatoka damu. Ikabidi Tahira akamue mwenyewe, abebe maji, azungushe lile gurudumu zito la mashine ya kukatia majani. Jioni mikono ilimuuma hata asiweze kusuka nywele.

Mchana mmoja, baada ya kukata majani ya siku mbili, alijitupa kwenye kitanda cha kamba barazani. Miguu ilikuwa ikitetemeka. Akajiona amesimama kwenye udongo mweusi, mahali pasipo jua wala ukuta, akajiambia: lakini mimi nimelala. Hii ni ndoto.

Mbele yake palikuwa na mtu amezikwa mpaka kidevuni.

"Tahira." Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Usipige kelele. Atakusikia."

"Mudassar? Wewe si uko nyumbani?"

"Tulipatana mpambano mmoja. Mshindi atoke na mwili, mshindwa abaki. Nilidhani ni ndoto tu, nini kitanidhuru?" Machozi yalichora mistari kwenye udongo wa mashavu yake. "Aliye nyumbani si mimi. Tahira, nichimbue."

Alipiga magoti, akachimba kwa kucha. Alikuwa amefika kifuani pake, amekwisha kuugusa moyo unaodunda, alipohisi mkono begani ukimtikisa. Akaamka.

Mumewe alikuwa amemwinamia, na bilauri ya maziwa mkononi.

"Unachoka sana, mke wangu," akasema taratibu. "Nimepata mtu wa kufanya kazi zote kuanzia kesho. Wewe utapumzika. Hutainua hata ndoo."

Tahira alizitazama kucha zake, zimejaa udongo mweusi. Akazificha chini ya shuka, akapokea maziwa, akayanywa yote huku macho yale yakimtazama, akamshukuru. Alingoja mpaka yule alipoingia ndani. Kisha akainuka, akapita kibandani kwa nyati, akakishika kwa mikono miwili kile kipini cha gurudumu, akaanza kuzungusha.